Dawa ya Maji ya Patron

Siku tajiri tuliyemwita patron aliponiuliza kama ninaweza kumtunzia samaki wa bahari, nilipaswa kujibu hapana. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza kusema. Vita vilikuwa vimekata reli, chumvi ilifika Kindu kwa ndege tu, na mwenye mfuko mzima nyumbani alihesabiwa tajiri kuliko mwenye gari. Patron alikuwa nayo mifuko stoo, na chumvi yote hiyo ilikuwa ya samaki.

Alinunua kasiterite, mawe ya bati, kutoka migodi ya Kalima, na ndege zilizoibeba zilirudi na kila alichotaka. Safari moja zilimletea sanduku la kioo refu kama kitanda, samaki wa rangi, na matumbawe hai. Mimi nilikuwa mpima maji kwenye mtambo wa maji wa mji, ambao ulikuwa umesimama kwa kukosa mafuta. Nilikuwa nimesoma kemia sekondari. Aliyenitaja kwa patron ni mpishi wake, kaka mkubwa wa mke wangu.

Kazi yenyewe niliipenda, sikatai. Kila asubuhi nilipima chumvi kwa kipimo cha kioo kinachoelea: maji yakiwa na chumvi ya kutosha hukibeba, yakiwa mepesi, kipimo huzama. Maji hupungua kwa joto, lakini chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo nilijazia maji matupu ya mvua mpaka kwenye alama. Halafu nilitia chokaa upande mmoja, maana matumbawe hujijengea mifupa kwayo, nikangoja, ndipo nikatia bikarbonati upande wa pili. Ukivitia pamoja, maji hugeuka meupe kama ya kuoshea mchele, na vyote viwili vimepotea.

Shemeji alikuwa akija kusimama mlangoni na mwiko wake.

"Docta ya samaki, wagonjwa wameamuka?"

"Wameamuka, shemeji."

"Wao wanaoga chumvi, siye tunakula majani ya sombe bila chumvi kama mbuzi. Haya, uwasalimie!"

Walinzi wa patron walicheka, bunduki magotini.

Kisha kipimo kikaanza kuzama. Niliongeza chumvi, kikapanda. Baada ya siku chache kikazama tena. Matumbawe yakajifunga. Funguo za stoo alizishika shemeji, na chumvi niliyotia ilitoka mkononi mwake. Nikaanza kumtazama: mifuko ya suruali yake, vidole vyake, kitambaa alichofungia mkate.

Ijumaa moja baada ya sala tulikula kwake. Sombe ilikuwa na chumvi. Mji mzima ulikuwa unakula chukuchuku, na kwake kulikuwa na chumvi! Nilitafuna polepole. Nyuma ya ulimi nikasikia uchungu wa majivu, ule wa chumvi ambayo wazee walichuja kutoka majani ya mtoni yaliyochomwa. Mtu mwenye moyo safi angesema: basi hii si ya patron. Mimi nilisema moyoni: anaiba ile nzuri, na anajaza mfuko kwa majivu. Nilinawa mikono, nikamshukuru mkewe.

Patron aliponiuliza kwa nini matumbawe yake yanakufa, jibu lilikuwa tayari.

"Patron, kuna mutu anachezea dawa ya maji."

Nilimaanisha chumvi. Kule mtamboni kila tulichotia majini tulikiita dawa: chokaa ni dawa, klorini ni dawa. Lakini patron aliitazama glasi aliyokuwa anakunywa, akaiweka mezani taratibu.

"Dawa? Nani anatia dawa mu maji yangu?"

Nikaona amesikia sumu. Nilihitaji kusema maneno mawili tu: chumvi, patron. Lakini nyumba nzima ilijua anayeshika dawa pale ni mimi, na nikaogopa swali litakalofuata.

"Funguo iko na mupishi," nilisema.

Walinzi walimtoa jikoni asubuhi ileile, wakamweka pamoja na watu waliokamatwa ili wabebeshwe mizigo kwenda Kalima. Alipopita karibu yangu aliniambia, "Shemeji, waambie. Weye njo unajua maji, si miye."

"Nitasema na patron," nilimjibu. Sikusema.

Kipimo kikaendelea kuzama. Alasiri moja nilirudi kuchukua koti nililosahau, nikawakuta walinzi wamechovya sufuria ndani ya sanduku la samaki. Maharagwe yao yalikuwa yanachemka uani.

"Docta, usikasirike," mmoja alisema. "Chumvi iko hapa bure, tuombe kwa nani?"

Walikuwa wanachota siku zote. Maji waliyochota yaliondoka na chumvi yake, na mimi asubuhi nilijazia ya mvua mpaka kwenye alama, nikidhani ni joto limeyapunguza. Wizi wao niliufunika kwa mkono wangu mwenyewe. Na hata siku ile, patron akiwa chumba cha pili, nilichukua koti langu nikatoka.

Samaki walikufa. Patron alipanda ndege, hakurudi. Leo katika nyumba ile wanauza simu, na vijana hawaamini kwamba bahari iliwahi kukaa sebuleni pale.

Mke wangu nilimwambia uzeeni, nikidhani miaka imepoza jambo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yale majani tuliyachoma pamoja, mimi na wifi yangu, pale ukingoni," alisema. "Kwa nini haukuniuliza?"

Alifunga nguo zake.

Shemeji hakurudi kutoka njia ya Kalima, na hatujui amelala wapi. Mke wangu anaishi Lokandu na mjane wa kaka yake. Watoto wetu wanakwenda kumsalimia kule, na wakipita Kindu hawalali kwangu. Kazi ile ilinigharimu hivyo: uhai wa mtu aliyenitafutia chakula, kisha mke, kisha watoto.