Tumbaku Ilipofanywa Tabu

Shangazi yangu Tokarei ni muuguzi wa kifua kule Betio, kisiwani Tarawa, hapa kwetu Kiribati. Akicheka, ukiwa ng'ambo ya barabara, utadhani mtu kaangusha sinia la vijiko. Kazi yake ni kusikiliza migongo ya watu. Anasema mdomo unaweza kukwambia "nilishaacha kuvuta, sista", huku mgongo unakoroma kama injini ya mashua.

Hakuna aliyepanga kwamba yeye ndiye angekwenda ng'ambo. Wizara ilitaka mtu wa kutuwakilisha kwenye mazungumzo ya mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, kule Geneva. Aliyechaguliwa akaugua, aliyefuata akawa anaoa.

"Nikabaki mimi na paka wa ofisini," Shangazi aliniambia, "na paka hana pasipoti."

Shida ilikuwa Babu. Babu Biribo, baba yake Shangazi, anaishi kisiwa cha Maiana na ndiye mtunzaji wa mzimu wa ukoo wetu. Mgeni akifika Maiana hupita kwanza kwenye mawe ya mzimu huo, akaweka kipande cha tumbaku nyeusi ya kusokotwa na kujipaka mchanga mashavuni, ndipo kisiwa kimjue. Baadaye Babu huiokota ile tumbaku, akaifunga katika jani kavu la mkadi na kuivuta. Mzimu, anasema, hauna kiberiti.

Alipopata habari za safari alimwita Shangazi, akamwambia mbele yetu sote: "Ukiinua mkono kule kwa wageni kuikataza tumbaku ya wazee, huku usilete mguu."

Babu si mtu wa kutania mambo ya ukoo. Shangazi akaondoka na maneno hayo kifuani.

Nilimsumbua sana kwa maswali aliporudi. Nilitaka kujua kila kitu: Geneva kuna baridi kiasi gani, wanakula nini, wanabishana vipi. Kumbe nchi kubwa zilikuja na watu wa kujaza safu nzima, mwanasheria nyuma ya mwanasheria. Visiwa vya Pasifiki vingi vilikuwa na mtu mmoja mmoja, na huyo mmoja bado ana usingizi wa ndege. Bwana mmoja alimuuliza Shangazi ujumbe wa Kiribati umekaa wapi.

"Unaongea nao," akamjibu.

Tena mazungumzo yalikuwa yakiendelea katika vyumba kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu mmoja utakaa vyumba vingapi? Kwa hiyo watu wa visiwa walikwishakutana Fiji kabla ya safari, wakakubaliana kusema kauli moja. Kule Geneva waligawana vyumba, yule wa Palau huku, wa Tonga kule, kisha wakawa wanakutana kwenye ngazi kupashana habari na kugawana biskuti. Akisimama mmoja wao na kusema, "Nazungumza kwa niaba ya visiwa," wale wenye safu zao walianza kutafuta kalamu.

"Sasa mlibishania nini siku zote hizo?" nikamuuliza.

"Maneno."

"Maneno gani?"

"Kama nchi itapiga marufuku matangazo ya sigara, au itafikiria kupiga marufuku."

"Si ni yale yale?"

"Hebu mwambie mama yako utafikiria kuosha vyombo, uone."

Visiwa vilishikilia neno lenye meno, na Shangazi ndiye aliyelisoma zamu ilipomwangukia. Mwaka 2003 mkataba ukapita. Watu walikumbatiana ukumbini. Yeye naye alikumbatiana nao, lakini ndani ya ndege chakula kilimshinda. Mkono alikuwa ameuinua. Je, mguu ataupeleka wapi?

Nyumbani akapewa kazi ya kuandika tangazo la redio kwa lugha yetu. Hapo akakwama. Kikwetu hatuna neno la "kudhibiti". Mwanamke aliyetoka kupigania maneno na dunia nzima akakaa kwenye mkeka anauma kalamu, na mwisho akaandika kwamba tumbaku sasa imefanywa tabu. Kwetu tabu si mashaka. Ni kitu kisichochezewa, ama kwa kuwa kimekatazwa, ama kwa kuwa ni kitakatifu. Yeye alikuwa na maana ile ya kwanza.

Tangazo likasomwa. Wiki kadhaa baadaye ujumbe ukaja kutoka Maiana: Babu anamwita, na maneaba nzima, nyumba yetu ya mikutano, inamngoja.

Nilikuwa likizo, nikafuatana naye. Njiani hakucheka hata mara moja. "Akinifukuza," aliniambia, "wewe ubaki ule. Usione haya."

Tulipofika tukavishwa mashada ya maua. Nikamtazama Shangazi, Shangazi akanitazama. Babu akasimama katikati ya maneaba, kifua mbele.

"Mlisema nini nyie kuhusu binti yangu?" akaanza. "Mlisema amekwenda kuuza ukoo. Haya, masikio mlipeleka wapi redio iliposema? Amewaendea wazungu, na dunia nzima imekubali: tumbaku ni takatifu!"

Watu wakapiga makofi. Nilihisi kucheka na kulia kwa pamoja. Shangazi alikuwa amepauka kama nazi iliyokunwa. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini akainuka.

"Mauri, nawasalimu wazee. Baba, nisamehe. Sikusema takatifu."

"Ulisema tabu."

"Nilisema tabu ile nyingine."

Mzee Kabuati, mtani wa Babu tangu utotoni, akakohoa kidogo. "Biribo, nadhani umemvisha maua mshtakiwa."

"Nyamaza wewe!" Babu alisogea mpaka mbele ya Shangazi. "Mkataba huo unaukataza mzimu wetu tumbaku yake?"

"Hapana, Baba. Hakuna aliyegusa mawe yetu. Ni matangazo ya makampuni, kuwauzia watoto, moshi kuwafukiza watu ndani ya nyumba. Anayeleta heshima yake Maiana ataendelea kuileta."

"Una hakika?"

"Nilikuwepo. Nilisoma kila neno."

"Neno hili lako la redio hukulisoma!" akadakia Mzee Kabuati, na maneaba ikapasuka kwa kicheko. Babu hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu kichwani.

"Basi mimi," akasema polepole, "nimejinyima kwa sababu gani?"

"Kujinyima nini, Baba?"

"Kuvuta! Tangu redio iseme. Kitu kitakatifu nikivute chooni? Nikivute nikitengeneza nyavu? Nikiokota ile ya mzimu naifukia mchangani. Na hawa wote wamenifuata. Kabuati ameacha huku analia."

"Nililia kidogo tu," alisema Mzee Kabuati.

Shangazi alimgeuza Babu kwa mabega, mbele ya kadamnasi, akaweka sikio mgongoni mwake. Sijawahi kuona mtu akimgusa Babu hivyo. Akasikiliza upande mmoja, akahamia wa pili.

"Vuta pumzi, Baba. Tena."

Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamemlowa. "Mgongo haukoromi kama zamani," akasema, na kile kicheko chake cha sinia kikatoka.

"Itabidi nilisahihishe neno lile redioni," akamwambia.

"Lisahihishe kwa watu wa Tarawa," Babu akasema. "Huku liache lilivyo. Sasa keti, samaki anapoa."

Shangazi akaketi kando yake. Alikula samaki mzima, akaomba na babai, magimbi ya kwetu, kisha akanyoosha mkono akachukua kipande changu bila kuniuliza.