Mabawa Mawili ya Mfua Mashuka

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda changu cha kujalidi vitabu, amekumbatia kitabu kisicho na jalada kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Kaka, nimekipata kwenye mitumba. Kitibu kwanza, ndipo nikisome. Hivi kilivyo kitaniishia njiani."

Alikuwa mfua mashuka wa hospitali, mjane, umri wake kama wangu, vidole vimechanika kwa dawa za kufulia. Kitabu kilikuwa cha vijana, hadithi ya msichana mwenye mabawa anayewindwa na wafalme. Vijana wa mjini walikuwa na chama cha wasomaji wake, naye alitaka kuingia.

"Watanicheka," alisema. "Lakini kazini nikitaja mabawa wananiuliza kama nimelala vizuri."

Nilipokuwa nakishona, kopo la gundi lilimwagikia kurasa kumi na sita za mwisho. Ziligandana zikawa kigae, nikazitupa. Katika ukurasa uliobaki nyuma, msichana alikuwa anaruka juu ya mlima kwa mabawa yake mawili, nikaona panatosha. Mimi ni mtu wa haya. Kusema nimekosea kunanishinda kuliko kubeba gunia.

Aliporudi alifunua nyuma kwanza.

"Kimeisha hapa?"

"Kimeisha."

Alikisoma mara tisa, ameketi mbele ya mashine za kufulia zikizunguka. Wenzake walimwita Profesa wa Mashuka. "Profesa, kuku wako ameshataga?" Alicheka nao. Kwa miezi minne alishona mabawa mawili kwa mashuka yaliyochakaa, unyoya mmoja mmoja, na siku ya mkutano wa chama akaniomba nimsaidie kuyabeba.

Chama kilikuwa na mwiko: mwisho wa kitabu hausemwi kwa mdomo, unaonyeshwa kwa vazi. Sisi hatukuujua. Tulipofika, kila kijana pale alikuwa na bawa moja, la kulia.

"Mama, hujamaliza kitabu," alisema msichana wa mlangoni.

"Nimekisoma mara tisa, mwanangu."

"Mara tisa nusunusu. Jamani, njooni mwone bata mzinga."

Walimzunguka wakipiga picha. Mmoja akaleta mkasi. "Tumsaidie bibi." Wakalikata bawa la kushoto taratibu, manyoya yakidondoka kwenye viatu vyake. Wakamaliza, wakaingia ndani, wakafunga mlango. Yeye alibaki nje. Wakati wanakata alinitazama mara moja. Nilikuwa nimeshika kopo la pini, nikaangalia chini.

Kesho yake asubuhi alikuja kibandani. Alikiweka kitabu mezani, akakifunua nyuma, akaweka kidole kwenye doa la gundi.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na sita."

"Zinasemaje?"

"Sikuzisoma."

Alikifunga kitabu, akanisogezea. Hakukichukua tena.

"Hata mwizi hujua alichoiba, kaka."