Siku Niliyogeuza Anga la Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine. Mkurugenzi, aliyekuwa zamani mwalimu wa fizikia, aliniketisha chini ya kuba, akazima taa zote, akaniacha peke yangu saa nzima. Aliporudi akauliza, "Umeogopa?"

"Kidogo, mzee."

"Vizuri. Wageni nao wataogopa. Usiwaharakishe."

Ndivyo nilivyoingia jumba la nyota la Tororo, ambamo watu walitazama nyota mchana kweupe. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Nilipanga chumba Tororo, nikirudi nyumbani Jumamosi. Mwanzoni nilikata tiketi na kufuta lenzi. Baadaye nikakabidhiwa projekta yenyewe: mpira wa chuma uliotobolewa matundu mengi, wenye taa moja tumboni, kila tundu likitupa nyota yake kwenye kuba. Ubavuni ilikuwa na gurudumu la latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta. Letu lilikaa karibu na sifuri. Mkurugenzi alikataza lisiguswe, maana meno yake yalikuwa yamelika na vipuri havikupatikana.

Asubuhi moja walikuja akina mama wa kanisa kutoka Kwapa. Onyesho lilipokwisha, mmoja wao hakuinuka. Wenzake walimwita Mama Amoding.

"Mwalimu," akaniambia, "mtoto yangu Amoding iko Oman. Mwaka ya tatu sasa. Simu yake nalia tu, hashiki. Yeye naona hii nyota?"

Mkurugenzi alikuwa mlangoni akiagana na wageni. Nikashika gurudumu la latitudo ili nilipeleke hadi anga la Oman. Likakwaruza, likakwama, likasogea. Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu hulala ukingoni kabisa mwa anga, ikaanza kupanda.

"Yeye huiona pale juu," nikamwambia.

Aliitazama kwa muda mrefu, leso imefumbatwa mkononi. Kisha akasema, "Sasa rudisha. Rudisha hapa kwetu."

Nikarudisha polepole mpaka nyota ikazama. Alikuwa analia bila sauti.

"Mashine yako iko nzuri," akasema. "Yeye najua kurudisha."

Nilipogeuka, Mkurugenzi alikuwa nyuma yangu. Nilijua kazi imekwisha. Alipapasa yale meno kwa kidole, akasema tu, "Bwana Wandera, lipake grisi. Wenye watoto mbali ni wengi."

Tangu hapo tuligeuza anga kila Alhamisi. Walikuja watu wa Merikit, wa Busitema, hata wachuuzi wa Malaba. Mama Amoding alikuja mara nne. Mara ya mwisho alisema binti amepiga simu, ila hakutaja siku ya kurudi. Sikumwona tena.

Mkurugenzi alipostaafu, akaja Meneja mpya na mashine ya kompyuta yenye maelezo yaliyorekodiwa. "Sauti hii haichoki, mzee," aliniambia kwa heshima. Ni kweli. Mimi nilikuwa nimechoka, nami nikastaafu.

Mwezi uliopita nilirudi Tororo, nikaketi kama mgeni. Nyota zilikuwa nzuri kuliko zetu, hilo silipingi. Katikati ya maelezo, mwanamke nyuma yangu akauliza, "Na Kilimia kiko wapi?" Sauti ikaendelea na habari zake. Akauliza tena, taratibu zaidi, kama mtu anayeona haya.

Nikainua mkono kumwonyesha kile kishada cha nyota, nikiwa nimesahau kwamba gizani mkono hauonekani.