Maji ya Mghoi

Nyinyi mliolala kwenye mabweni ya zamani kule milimani mtanielewa. Enzi zetu, miaka ile ya hamsini, msichana kwenda shule lilikuwa jambo la kujadiliwa na ukoo mzima. Mimi nilitoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau, nikapanda hadi shule ya wasichana ya misheni upande wa Chawia, sanduku la bati kichwani na jembe mkononi, maana kila mwanafunzi alikuja na jembe lake. Baba alinifikisha langoni akasema, "Mghoi, ukirudi kabla ya likizo, ujue unarudi kuolewa." Hakuwa akitania. Mzee mmoja jirani alikuwa keshaleta pombe ya posa.

Baridi ya kule, jamani! Tulipasha miguu mitupu kwenye majivu ya jikoni. Uji asubuhi, viazi vitamu mchana, kimanga cha mihogo na maharagwe ya kupondwa Jumapili, na mikono yetu ikinuka pasi ya makaa juma zima. Wajukuu zangu hununa simu ikikosa mtandao. Sisi tulinunia zamu ya kuni, tena kimoyomoyo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni maji. Kijito kilipita nyuma ya jiko usiku na mchana. Kwetu tulifukua mchanga wa mto mkavu ndipo tupate kata moja, na mama alikuwa na neno lake: "Maji hayatupwi, hubadilishwa kazi."

Juma la kwanza nilipangiwa zamu nyumbani kwa Misi, mwalimu mkuu wetu, Mmarekani mrefu mwenye sauti ya upole na macho makali. Jioni akaniambia nimwage maji yake ya kuoga. Karai zima! Mkono ulikataa. Nikayabeba hadi jikoni, nikayatia kwenye debe tupu mlangoni, nikiwaza kesho nitasugulia sakafu. Sikujua debe lile lilikuwa la maji ya kupikia.

Alfajiri, Wakesho wa Mbololo, rafiki yangu niliyelala naye kitanda kimoja kwa ajili ya baridi, akapika uji wa shule nzima kwa maji yale. Uji ukatoa povu na kunukia sabuni ya waridi. Tukashinda na njaa hadi mchana.

Misi akatupanga mstari. "Nani amepika?" Wakesho akatoka mbele. Harufu ile alikwisha kuitambua, na alijua zamu kwa Misi ilikuwa ya nani. Alijua pia habari ya yule mzee na pombe yake. Akanyamaza. Misi akamwambia afunge sanduku arudi kwao.

Nilimtazama akitoa shuka lake kwenye kitanda chetu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Kisha nikafunga langu pia, nikamkimbilia Misi, nikamwambia yote, hata neno la mama, huku nikilia mpaka kamasi.

Akauliza, "Kwenu maji iko mbali?"

Nikamwambia tunatoka jua halijachomoza, tunarudi likiwa utosini. Halafu akasema, "Wewe na Wakesho, rudisha masanduku." Tangu siku hiyo maji yake ya kuoga yalinywesha kabichi, na kazi hiyo ikawa yangu hadi nilipomaliza shule.

Leo nina mfereji ndani ya nyumba, hapa Voi. Mjukuu wangu hupiga mswaki, simu mkononi, maji yakijimwagikia. Nikimkemea hucheka: "Aki nyanya, si ni maji tu!"

Mwaka jana tulimzika Wakesho kwao Mbololo. Kabla ya kula, binti yake alitunawisha mikono, akayakinga yale maji kwenye beseni, kisha akayapeleka kwenye kabichi nyuma ya nyumba. Nikamuuliza nani alimfundisha. Yeye hunijua kama Mama Eliza tu.

"Ni mama," akasema. "Alitukataza kuyamwaga. Aliyaita maji ya Mghoi."