Nyumba ya Vibao

Kama ulivyotangaza uongozi wa kituo cha afya, tena kwa herufi kubwa ukutani, kila mtoto aliyepatwa na mshtuko atasikilizwa kupitia mchezo wake.

Msikilizaji alikuwa mmoja. Wauguzi walimwita Dada Midoli, na wakimkuta amepiga magoti mkekani walimtania: "Wenzio tunachoma sindano, wewe unapikiwa uji wa mchanga."

"Karibuni basi," alijibu. "Umeshaiva."

Aliacha ualimu wa chekechea akasomea kazi hii ya kuwatibu watoto kwa mchezo. Nyumbani kwao husema yuko hospitali, wanaishia hapo. Sehemu kubwa ya kazi ni kutouliza, na sharti lake ni moja: mchezo ambao mtoto hajaumaliza hauguswi na mtu mpaka mwenyewe arudi.

Kulikuwa na binti mdogo ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu nyumba yao iungue, mama yake akiwa ndani. Bibi yake alimleta kila wiki. Mtoto hujenga nyumba ya vibao, akamlaza mwanasesere ndani, akaziba mlango kwa kibao, kisha akakaa kuutazama. Dada Midoli naye hukaa. Siku moja kidole cha mtoto kikagusa kile kibao cha mlangoni.

"Mama, toka," akanong'ona.

Hakukisogeza. Muda wao ukaisha, nyumba ikaachwa mkekani.

"Akirudi atafungua," Dada Midoli alimwambia bibi, aliyekuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Wiki iliyofuata kituo kilitarajia wageni kutoka wizarani. Mkuu wa kituo alichungulia chumba cha michezo mapema, akaona pamekaa kama soko lililovunjika, akaagiza pasafishwe. Dada Midoli alipofika, vibao vilikuwa rafuni, vimepangwa kwa ukubwa. Mwanasesere alikuwa ameogeshwa na kutiwa kwenye nailoni.

"Mkuu, ile nyumba ilikuwa ya mtoto."

"Si atajenga nyingine, dada yangu? Vibao si hivyo hapo?"

Binti aliingia, akatazama mkeka, akatazama rafu, akarudi nyuma ya gauni la bibi yake.

"Nenda kacheze, mjukuu wangu."

Hakwenda. Dada Midoli alimshushia vibao vyote, akamtolea na mwanasesere kwenye nailoni. Mtoto akavitazama kama vitu vya watu.

Hapo wageni wakaingia. Mmoja wao, mama mpole, akainama kabisa hadi usawa wa uso wake.

"Unapapenda hapa, mwanangu?"

Mkuu akamjibia kwamba anapapenda sana.