Muhula Mmoja wa Mwalimu Nyambura

Mvua ya alasiri ilipoyapiga mabati ya shule yetu, hapakuwa na mwalimu aliyeweza kusikika. Wenzangu waliziba masikio na kucheka, wengine wakilaza vichwa kwenye madawati wapate usingizi kidogo. Mimi nilifurahi kuliko wote. Kwa muda huo hakuna aliyekuwa akisikia somo, kwa hiyo hakuna aliyenishinda. Mvua ikikatika, harufu ya udongo uliolowa ikiingia madirishani, mwalimu aliendelea pale alipoachia, wenzangu wakaendelea naye, nami nikabaki nyuma peke yangu. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, tukiishi mtaa wa Migosi katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kondele. Baba alifanya kazi mbali, mji wa Awasi, na kuja nyumbani Jumamosi, na kila alipoona ripoti yangu alivua mshipi kabla ya kuvua viatu. Nilikuwa darasa la tano, na muhula wa kwanza nilikuwa nambari hamsini na moja kati ya wanafunzi hamsini na wawili. Aliyenifuata alikuwa amelazwa na malaria, hakufanya mtihani.

Si kwamba sikutaka kusoma. Nilikaa chini nikiwa nimeapa moyoni kwamba leo nitasikiliza, na kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni, akili yangu ilikuwa imeshatoka nje. Kisha ikaja hofu. Ilianza kwa mikono kutoa jasho hadi daftari likalowa, halafu kifua kikabana kana kwamba mtu amenikalia. Siku ya mtihani wa hesabu wa katikati ya muhula wa pili, nilipoona maswali yote ishirini kwenye karatasi moja, pumzi zilinikatikia. Nilisimama, nikatoka mbio, nikajificha katika stoo ya madawati yaliyovunjika.

Aliyenipata ni Mwalimu Nyambura. Alikuwa mgeni kwetu, msichana kutoka Nyeri aliyetoka chuoni mwaka ule ule, na Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu. Nilisubiri kiboko. Yeye alitafuta dawati lenye miguu mitatu, akalikalia kwa uangalifu, akauliza, "Atieno, imekuwaje?" Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo akanyamaza kungoja jibu.

"Kifua kinabana, Mwalimu. Na ninasikia kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

Nikamtajia: mafundi wa kuchomelea vyuma kule barabarani, mama wa mandazi akikwangua karai, Omondi akivuta kamasi, penseli zote za darasa zikikwaruza karatasi. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. "Mafundi ninawasikia," alisema hatimaye. "Mandazi siyasikii. Pole sana. Hiyo ni kazi kubwa kwa mtoto."

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimwita mama. Alisema nitarudishwa darasa la tatu, alimokuwa mdogo wangu Awuor. Mama alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, aproni yake ikinuka samaki, nami nikasimama mlangoni nikiangalia vidole vya miguu yangu. "Mwalimu," mama alisema, "huyu mtoto akitoka kanisani ananihubiria mahubiri yote, mpaka kikohozi cha pasta anakitoa. Mjinga anaweza hivyo?" Mwalimu mkuu akajibu kwamba mtihani hauulizi kikohozi cha pasta. Hapo ndipo Mwalimu Nyambura, ambaye hakuwa ameambiwa aseme, alisema, "Nipe muhula mmoja na yeye. Akishindwa, mimi mwenyewe nitampeleka darasa la tatu." Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasahau kwamba imejaa magamba.

Muhula wa tatu haukuanza vizuri. Kwanza aliniweka mstari wa mbele, nikahisi macho ya wenzangu hamsini na mmoja yakinichoma kisogo. Akanihamishia pembeni, nimeelekea ukuta, nikalia kwa kuona nimeadhibiwa. Mwishowe akaniweka karibu na mlango, akanipa kipande cha chaki. "Kifua kikibana," alisema, "weka chaki hii mezani kwangu, nenda kwenye ua wa michongoma, hesabu mpaka mia moja, urudi. Usiniombe ruhusa." Maswali ya hesabu aliyakata kwa mkasi, akanipa moja moja, na nikimaliza moja nilitembea hadi mezani kuchukua lingine. Wenzangu walinicheka siku za mwanzo, kisha wakazoea. Kuna siku nilienda kwenye ua mara sita. Kufikia Novemba kuna wiki nzima nilikwenda mara moja tu.

Mwisho wa muhula nilikuwa nambari thelathini na nne. Mama alisoma ripoti mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Jumamosi Baba aliitazama, akaitazama tena, akaketi na kuanza kufungua kamba za viatu. Awuor peke yake ndiye aliyesikitika. "Kwa hivyo hutakuja darasa letu?" aliuliza. "Na nilikuwa nimekuwekea nafasi."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane daktari aliponieleza kwamba nimezaliwa na tatizo la umakini, na kwamba ile hofu ni ugonjwa wenye tiba. Siku hizi ninatumia dawa. Mwanangu, anayefanana nami kwa mengi, ana barua ya daktari inayomruhusu muda wa ziada katika mtihani, na shuleni kwake kuna mshauri mwenye chumba chake. Ninaposaini fomu hizo ninafurahi, na wakati mwingine ninamwonea wivu kidogo. Kisha ninakumbuka kwamba nami nilikuwa na mkasi na kipande cha chaki, enzi ambazo hakuna fomu yoyote iliyomlazimisha mtu kunipa.

Mwaka jana nilipata nambari ya simu ya Mwalimu Nyambura, ambaye amestaafu na yuko kwao Nyeri. Nilimweleza aliyosema daktari, kisha nikamuuliza alijuaje.

"Kujua?" Alicheka mpaka akakohoa. "Atieno, sikujua chochote. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nabahatisha tu."

Watu wengine wote waliokuwa wakubwa mwaka ule, mshipi mkononi au kalamu nyekundu, walikuwa na hakika kabisa juu yangu. Nilimshukuru kwa kubahatisha, na kwa kubahatisha tena alipokosea.