Kama serikali ya Uingereza inataka deal kweli: yaliyonikuta mimi mjumbe wa Kisenyi

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Tuliobishana kwenye uzi wa Brexit mnanikumbuka. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba serikali ya Uingereza inataka deal, ila inajikaza ili ipate nzuri zaidi. Jana mmoja wenu kauliza mbona nimenyamaza.

Nitawaambia kilichonikuta, na sitatia chumvi, maana hakinipi sifa yoyote.

Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa askari. Mnivumilie.

Mimi ni msimamizi wa jengo moja la maduka hapa Kisenyi. Chini walikuwepo akina mama wa Kikongo wanaouza vitenge. Mwenye jengo, tumwite Mzee, akaamua kulikarabati. Akina mama wakaomba kitu kimoja tu: watoke wakati wa ujenzi, kisha warudi palepale.

Mzee hajui Kiswahili. Wao Luganda yao ni ya kubahatisha. Basi mjumbe nikawa mimi.

Niseme ukweli, nilijiona mtu. Nilikuwa navaa shati la mikono mirefu kwenda kwenye meeting na watu ninaowaona kila siku.

Msemaji wao alikuwa Mama Neema, mjane kutoka Bukavu. Kila nilipomletea jibu la Mzee, lilikuja na sharti jipya. Mara wabadilishe milango kwa gharama yao. Mara wasipange mizigo kwenye korido. Mara kila duka liwe na mdhamini Mganda. Wanakaa, wanajadiliana, wanakubali. Mimi narudi Nakasero kwenye ofisi ya Mzee, natoka na sharti lingine.

Siku moja tulikuwa tunakula kwenye kihoteli cha jirani, TV inaonyesha Brexit, deadline imesogezwa tena. Mama Neema huniita kwa jina la binti yangu, ndivyo Wakongo wanavyofanya. Akaniuliza, "Papa Akello, hawa bantu banataka kweli kupatana?"

Nikamweleza kwa kirefu, kama ninavyowaelezaga nyie humu. Kwamba serikali haiwezi kutuma watu wazito kwenye mazungumzo kila mara kama haitaki kupatana. Kwamba kusumbuana ni sehemu ya kazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Na muzee wetu je? Maana nimepata nafasi kwa soko ya Nakawa. Banataka jibu wiki hii."

Nikamwambia asubiri. "Mzee ni kama hao," nikasema. "Anajikaza tu."

Akaiachia ile nafasi.

Baadaye kidogo akina mama wakakubali masharti yote. Nikapanda boda kwenda Nakasero, nina furaha kama mtu anayepeleka habari za harusi. Mzee alikuwa anakunywa chai.

"Ssebo," nikasema, ndivyo Waganda wanavyomwita bwana, "wamekubali."

"Yapi?"

"Yote."

Wakuu, ule uso siusahau. Ni uso wa mtu aliyefikiwa na wageni wakati chakula hakitoshi. Aliweka kikombe chini, akatazama dirishani.

"Ongeza lingine," akasema.

"Lipi, ssebo?"

"Lolote. Wewe unawajua. Tafuta ambalo hawaliwezi."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Akanieleza taratibu kwamba jengo lote ameshampa mtu mmoja wa supermarket. Alitaka tu akina mama watulie mpaka huyo mtu akamilishe mambo yake. "Umefanya vizuri," akaniambia. "Wametulia."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikasema, "Webale, ssebo," nikatoka. Mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Sharti sikuongeza. Nilirudi nikawaambia ukweli, wote wamekaa juu ya marobota yao. Mmoja alinitukana, na kwa kweli nilipata nafuu. Mama Neema aliuliza tu, "Weye ulijua?"

"Sikujua, mama. Naapa."

"Nakuamini," akasema. "Ndiyo sababu na muzee tulimuamini."

Kesho yake nilikwenda naye Nakawa. Ile nafasi ilikuwa na mtu anauza viatu.

Siku hizi anatembeza vitenge begani. Akipita mbele ya jengo ananisalimia kama zamani, na mimi ndiye ninayejifanya niko kwenye simu.

Sasa kuhusu Brexit. Sisemi kwamba hawataki deal. Sijui. Nasema tu kwamba hoja yangu ilikuwa mbovu. Niliwaambia tuwaangalie wanaotumwa, kwamba wanaonekana wana nia ya kweli. Mimi pia nilikuwa nayo, na ndiyo iliyowaponza akina mama wale, kwa sababu mjumbe mwongo wangemshtukia mapema.

Tusimwangalie aliyetumwa. Tumwangalie aliyemtuma, siku atakapoambiwa kwamba wenzake wamekubali yote.

Haya, semeni nanyi mnavyoona. Na wanaoona nilipaswa kuacha kazi waseme pia, sitabishana. Mke wangu anasema tuna watoto wa kulisha. Ni kweli, ila kila asubuhi nikifungua lile geti naona kwamba jibu hilo nalipenda kupita kiasi.